Kibandiko cha Pili

Chupa namba mia moja na kumi na saba
imekaa rafuni hapa Wete tangu mwaka ule wa mvua
karafuu zilipooza majamvini.
Ndani, katika spiriti iliyogeuka chai ya mkandaa,
yumo buibui jike, kaikunja miguu yote minane
kama mtu aliyelala na baridi.
Kibandiko kinataja jina lake.
Kibandiko kinasema uongo.
Mwandiko ni wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,
nimetoka msitu wa Ngezi, matope magotini,
nina kitabu cha picha, nina haraka.
Mgongo wa manjano: ndiye.
Miguu ya mikanda: basi ndiye huyo huyo.
Bwana Mbarouk, ambaye angenibisha, alikuwa na homa,
na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Rangi, nilikuja kujua baadaye, haina ahadi.
Hufifia kwa njaa, kwa umri, kwa spiriti.
Ukitaka kumjua mtu wa jamaa hii
umpindue chali, umtake radhi,
utazame chini ya tumbo, pale pa siri:
kijibamba cheusi, hakifiki punje ya ufuta,
kufuli
ambalo ufunguo wake anao dume wa kabila moja tu,
kaubeba mbele ya uso wake kama mgeni na zawadi.

Leo Time Shaame, mwanafunzi wangu,
kaniita kutoka kwenye hadubini
(ya kuazima; taa yake hupepesa feni ikiwashwa):
"Bi Mize, hebu njoo. Kufuli hili silo."
Nikamwambia nina wageni.
Sikuwa na wageni.

Mwisho nikavua buibui langu,
nikamwinamia buibui wangu.

Silo.
Kona mbili zinapinda ndani, na mimi niliandika nje.
Tena Time, ambaye hanionei haya, akashuka rafu ya chini
akaja na namba mia mbili na nne:
dume, mdogo kama ukucha wa mtoto,
siku ile ile, mti ule ule, utando ule ule,
nami nimemwandika "mgeni, hajulikani."
Miaka thelathini na mmoja
huenda nimewatenga mke na mumewe kwa ubao wa msonobari.

Na orodha yangu ilisafiri.
Mahali fulani kuna ramani yenye nukta juu ya Pemba,
nukta ya mnyama ambaye hajapata kutia mguu hapa,
na watu wazima wameijengea hoja.
Nukta ile ni mimi.

"Nikitoe hichi cha zamani?" Time kauliza,
koleo tayari mkononi.
Kiache.

Mimi cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Mzee.
Mwaka mzima skuli nikaitwa pamoja na wavulana.
Karani alipokubali kosa alilikwangua kwa wembe
mpaka karatasi ikatoboka,
na hadi leo, kila ofisi ninayokwenda,
wanaliinua tundu lile kwenye mwanga
wananitazama kupitia humo.

Kwa hiyo kiache, kikae na aibu yake.
Anayekuja aone nani alisema nini, mwaka gani.
Tunaongeza cha pili.
Kwa penseli, Time; wino hulewa humu ukakimbia.

Nikaandika jina la ukoo, ambalo nina hakika nalo.
Nikaandika Ngezi, na tarehe ya leo.
Penye jina lake mwenyewe mkono ukasita,
nikatia alama ya kuuliza,
kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Na kama na mimi nimekosea?" akasema Time.
Nikazungusha chupa kwenye mwanga wa dirisha.
Vibandiko vikaelea, kimoja nyuma ya mwenzake,
na yule bibi katikati, bila jina, hana haraka.
"Chupa pana," nikamwambia. "Weka sahihi."